Kabla Hujakaa Kuandika Historia ya Bibi

Ukihudhuria misiba ya kutosha huku Uchagani, kuanzia Machame mpaka Rombo, historia ya marehemu unaijua kabla haijasomwa. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu. Alijaliwa watoto kadhaa. Alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu, mpenda watu. Alianza kuugua, akapelekwa hospitali, madaktari wakajitahidi, lakini Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Badilisha jina na idadi ya wajukuu, karatasi hiyohiyo itasomwa kwa jirani wiki ijayo na hakuna atakayeshtuka.

Sina ugomvi na mpangilio huo. Ibada ina utaratibu wake, na watu waliokaa chini ya maturubai tangu asubuhi wana haki ya kujua wamekuja kumzika nani. Kinachoniuma ni kwamba karatasi ile mara nyingi ndiyo maandishi pekee yatakayobaki ya mwanamke aliyeishi miaka zaidi ya 80, na huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mpwa mmoja mwenye kompyuta, huku nje kamati inabishana kuhusu Coaster ngapi zitabeba watu wa mjini.

Ya Bibi yetu wa Old Moshi niliiandika mimi, na tangu hapo ndugu na majirani hunipigia simu wanapofiwa. Ushauri wangu wa kwanza huwaudhi, maana wanaupata wakiwa tayari msibani: kazi hii hufanywa mwenye historia akiwa hai. Kwa hiyo naiandika hapa kwa ajili ya wewe ambaye bibi yako bado anakuuliza umekula.

Usimkalishe kwenye kochi, ukamsogezea simu mdomoni na kumwambia, "Bibi, tusimulie maisha yako." Atakupa mistari mitatu ya Zaburi, atakuombea mume au mke mwema, basi. Wanawake wa rika lake hawakuzoea kuulizwa habari zao. Bibi alizungumza mikono yake ikiwa na kazi, akimenya ndizi za mtori au akichambua maharage, na alizungumza zaidi ukimsaidia vibaya, maana hapo alilazimika kukufundisha.

Halafu uliza vitu, usiulize maisha. Tembea naye polepole kihambani, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Masale haya, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, yalipandwa lini, na nani walikuwepo siku hiyo? Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa siku gani, na aliyekuwa anaiba zamu ni nani? (Hili la mwisho wanalikumbuka wote, kwa jina.) Kwa nini upande huu mikahawa iling'olewa?

Swali la kahawa lilitufungulia mengi. Kahawa ilikuwa ya Babu. Yeye ndiye mwanachama, yeye ndiye aliyepeleka magunia kwenye chama cha msingi chini ya KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933, na hela ya kahawa ilipita mfukoni mwake kabla haijafika jikoni, ikifika. Ndizi, maziwa na kile kilichouzwa sokoni vilikuwa vya Bibi. Ukifuata kahawa tu unapoandika historia ya bibi, utakuwa umeandika historia ya babu. Fuata ndizi. Bibi alishuka na mikungu kichwani mpaka soko la Kiboriloni, na akipanda alirudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule. Na siku zisizo za soko alishuka tena kule tambarare kukata majani ya ng'ombe, maana ng'ombe wetu hukaa ndani na kuletewa. Hakuna hata mstari mmoja wa hayo kwenye kitabu cha chama.

Sasa miaka. Familia nyingi hukwama hapa, halafu huandika "alizaliwa mnamo 1930" ili yaishe. Mwaka ulio kwenye kitambulisho cha taifa usiuamini haraka. Kwa wazee wengi ulikisiwa siku ya kujiandikisha. Nenda kwenye kitabu cha ubatizo. Bibi alibatizwa Uru kwa Wakatoliki, akaolewa Old Moshi kwa Walutheri, kwa hiyo ilitubidi kubisha hodi parokiani na usharikani, na wote walitusaidia vizuri. Ila angalia: wako waliobatizwa wakiwa wakubwa, wakiwa na akili zao timamu, na tarehe ya ubatizo haisemi chochote kuhusu siku ya kuzaliwa.

Penye pengo, tumia matukio. Miaka ya mwanzo ya 1950, Thomas Marealle alipofanywa Mangi Mkuu, chifu wa Wachagga wote. Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni Kibo. Azimio la Arusha, 1967. Mwaka 1976, vyama vya ushirika vilipovunjwa, KNCU ikiwemo. Vita ya Kagera, 1978 na 1979. Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, Aprili 1984. Papa Yohane Paulo II alipofika Moshi, 1990. Lakini usimuulize, "Ulikuwa na umri gani?" Hajui, na swali linamfanya ajione mjinga. Muulize, "Wakati ule ulikuwa unanyonyesha nani?" Hapo hakosei. Bibi alijibu bila kufikiri kwamba wakati wa Mwenge alikuwa na ujauzito wa baba mdogo, tena ujauzito mbaya, hakuweza hata kunusa nyama. Tarehe ya kuzaliwa baba mdogo tunayo kwenye cheti, tukahesabu kurudi nyuma. Tulipanga miaka yake karibu yote kwa njia hiyo.

Mwache aongee Kichagga. Wajukuu wa Dar na Arusha hukimbilia kumgeuzia Kiswahili ili warekodi "vizuri", na hapo hadithi inapoteza chumvi. Rekodi kwa Kimochi chake, au Kiuru akirudi utotoni, kisha mtafute shangazi wa kukufafanulia. Faili usiliache kwenye simu moja. Simu huibwa stendi.

Watoto wa kiume usiwategemee sana. Nawapenda baba zangu, lakini nilipowauliza mama yao alikuwa mtu wa namna gani, wote walisema alikuwa mpole na mchapakazi. Waulize wakwe zake. Mkamwana aliyeishi naye jiko moja anajua alikasirika vipi, alificha wapi hela, alimlilia nani. Muulize wifi yake, na mwenzake wa kwaya, na kaka zake kule Uru ambao bado wanamwita kwa jina la utoto. Kutoka kwa wifi yake ndiyo tulijua kwamba Bibi aliwahi kurudi kwao akakaa msimu mzima wa mvua, na Babu akaenda kumwomba akiwa na sale mkononi. Kwa asiyejua: mtu akikujia na sale anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Baba zangu wote walikuwa wanasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na mmoja wao ana miaka zaidi ya 60.

Je, hilo lilisomwa kanisani? Hapana. Ndiyo maana nasema andika vitu viwili. Kimoja ni ukurasa mmoja na nusu wa kusomwa kwenye ibada. Cha pili ni daftari la ukoo, ambalo linabeba yote yasiyofaa kwenye kipaza sauti: ugomvi wa mashamba, mtoto wa nje aliyelelewa kama wa ndani, msimu wa mvua wa kule Uru. Ukilazimisha vyote viingie kwenye karatasi moja, kamati itakukatia yale yenye nyama na kukuachia mifupa ya tarehe.

Yako mambo mawili ambayo ningeyapigania yasomwe hadharani.

La kwanza ni watoto waliotangulia. Mwanamke aliyezaa tisa na kuzika watatu hajajaliwa watoto sita. Watu husema tusiwaamshie wafiwa majonzi. Bibi alitaja majina ya wale watatu kila alipoomba usiku, miaka yote, na aliyelala chumba chake anajua. Wataje na wao.

La pili ni kazi iliyolea familia, hata kama haipendezi kanisani. Kwetu ilikuwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Bibi alipika mbege nzuri, ndizi zilizoiva barabara, ulezi alioumeesha mwenyewe, gome la msesewa kwa kipimo alichokijua yeye, na aliiuza kwa kata nyuma ya nyumba kila wiki. Kwenye kikao, ndugu mmoja ambaye ni mzee wa kanisa alitaka iandikwe "alijishughulisha na biashara ndogondogo". Tulivutana. Mwishowe shangazi mkubwa, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza, "Ada yako ya sekondari ililipwa na kwaya?" Mbege ikaandikwa. Mchungaji aliisoma bila kukohoa, na wazee wa nyuma wakaitikia kwa sauti kuliko walivyoitikia sala.

Baada ya hapo chagua tendo moja. Moja tu, lililo lake, ambalo huwezi kulibandika kwa bibi mwingine yeyote. Sifa kumi hazimwonyeshi mtu. Sisi tulichagua mikungu.

Kila mtoto wa Bibi alikuwa na mgomba wake kihambani. Haukuwa na alama, ila yeye aliujua, na akipita aliusalimia kwa jina la mtoto. Mtoto akipata kazi mbali, mkungu wa mgomba wake ukikomaa ulikatwa, ukafungwa kwa majani makavu na kamba ya mgomba, ukapelekwa stendi ya Moshi na kupakiwa kwenye basi la Dar. Hakuchanganya. Mkungu wa fulani haukwenda kwa fulani. Basi wanawe wawili walipokosana kwa ajili ya kiwanja, wakafika mahali pa kutosalimiana, Bibi hakuita kikao, wala hakumpigia mtu simu ya machozi. Alipakia mikungu yote miwili kwa jina la mkubwa, kisha akampelekea mdogo ujumbe: ndizi zako ziko kwa kaka yako, zifuate kabla hazijaiva. Mdogo akanuna siku kadhaa. Ndizi zikaanza kuiva. Akaenda.

Alirudia hivyo mpaka ule ugomvi ukamalizika, na hakuwahi kukiri kwamba alifanya makusudi. Alisema nafasi kwenye buti ilikuwa ndogo. Yaliposomwa haya, watu walicheka msibani, kicheko kikubwa, na wale wawili walikuwa wamekaa viti vya mbele pamoja na mashada yao. Mtu asiyemjua kabisa aliondoka pale akijua tumezika nani.

Mengine nayapitia haraka. Muda wa kusoma ni dakika tano, mchungaji atakukumbusha; isome kwa sauti nyumbani ukiwa na saa. Mpangilio wa majina ya watoto na wakwe upitishwe na shangazi mkubwa kabla ya kuchapa, usiku wa msiba si wakati wa kugundua kuna mke amerukwa. Wajukuu waliorithi jina lake watajwe, kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba na hiyo ni heshima ya kuonekana. Picha: usikate uso wake kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, ukiacha bega la mgeni. Tafuta ile aliyopenda yeye. Na picha za zamani ziandikwe majina nyuma kwa penseli leo, kwa sababu anayewajua wote ni mmoja na umri wake unaujua.

Baada ya kuanua tanga, toa nakala kwa kila nyumba, na moja ipelekwe ofisi ya usharika. Daftari la ukoo libaki na kitinda mimba aliyerithi nyumba, kwa sababu ndiko wote mnakorudi Desemba, na mbuzi akishachinjwa na kila kipande kikapata mwenyewe, watu hukumbuka mambo. Weka kalamu karibu.

Na kama bibi yako ni wa aina isiyotaka kuulizwa lolote, wapo, wakali kweli, usimlazimishe. Andika kitu usichokuwa na uhakika nacho, kwa mfano kwamba mfereji ulipita upande wa juu wa nyumba, kisha kisome kwa sauti akiwa jikoni. Atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.