Wasikilizaji wachache hawana pa kujificha

Mimi na mwenzangu tunaendesha tovuti na podikasti ya wakulima wa korosho, makao yetu Mtwara mjini. Vijana wanaotaka kuanzisha ya kwao hutuuliza kwanza habari za maikrofoni. Faragha ya wasikilizaji huwa mwisho, na wengi huimaliza kwa jibu moja: sisi wadogo, nani atahangaika na takwimu zetu?

Mimi naona udogo ndio hatari yenyewe. Gazeti kubwa likihifadhi kwamba kuna mtu ameingia usiku kwa simu ya aina fulani, halijamtaja mtu, wako maelfu. Wewe umetuma kiungo chenye alama ya kukitambulisha kwenye grupu la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) moja tu. Simu ya aina ile kijijini pengine anayo mmoja. Ongeza saa aliyoingia na kipindi alichokirudia, umeshamtaja jina.

Na vipindi vyenyewe si vya mapishi. Tunazungumzia kangomba: mkulima kabanwa na ada ya shule, anauza korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa, nje ya stakabadhi ghalani, mfumo rasmi wa kuuza kupitia ghala na mnada. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa mashamba kabla ya kulipwa ili wanunuzi wa kangomba wanaswe. Nani kasikiliza kipindi hicho mara mbili usiku ni jambo nisilotaka hata kulijua.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa imekuwa kupunguza. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazobeba tovuti, hata usipoziwekea kitu, huandika kila anayeingia: anwani ya IP (namba ya muunganisho wake wa intaneti), saa, ukurasa aliofungua, aina ya kivinjari. Kumbukumbu hizo zina faida tovuti inapovamiwa na maroboti (programu zinazoingia zenyewe), ndiyo maana hatukuzizima. Fundi alizipanga zikate tarakimu za mwisho za IP na zijifute baada ya wiki. Kwa takwimu tunatumia Matomo, programu ya kuhesabu wageni inayokaa kwenye seva yako mwenyewe na inayoweza kufanya kazi bila vidakuzi, vile vifaili vinavyowekwa kwenye simu ya mgeni ili atambulike akirudi. (Ramani za takwimu zisikutie wazimu. Msikilizaji wa Tandahimba mara nyingi huonekana yuko Dar es Salaam, kwa sababu IP ya simu inafuata mitambo ya mtandao.)

Angalia pia vitu unavyovibandika kutoka kwa wengine. Video ya YouTube ikishawekwa kwenye ukurasa, simu ya mgeni huwasiliana na Google hata kabla hajaibonyeza. Sisi tunaweka picha na kiungo. Hata fonti, yaani miundo ya herufi. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti kumlipa mgeni euro 100 kwa kuwa fonti alizozivuta kutoka Google zilipeleka IP ya mgeni huyo huko. Pakua fonti, ziweke kwako. Bando la msikilizaji nalo linapumua.

Podikasti ni ngumu zaidi, maana faili likisikilizwa kupitia Spotify au Apple Podcasts, huko kuna sheria zao na wewe huna mamlaka. Waambie watu hivyo wazi. Unachoweza kukataa ni viungo vya kuhesabia vinavyompitisha msikilizaji kwa kampuni ya tatu kabla hajafika kwenye sauti. Kuhesabu kwa kawaida ya podikasti, IP na programu ileile ndani ya saa 24 ni upakuaji mmoja. Siku ikiisha, baki na idadi, IP iende.

Lakini mambo mazito kwetu hayapiti kwenye seva, yanapita WhatsApp. Wasikilizaji hutuma sauti, na sauti inakuja na namba. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo namba ya simu ni mtu kamili, na kitambulisho chake. Tunahamisha sauti, tunaipa jina lisilo la mtu, tunafuta ujumbe. Jambo likiwa la hatari, maneno husomwa na mwenzangu. Kubadilisha sauti kwa programu hakutoshi: mtu atajulikana kwa lafudhi, kwa kukohoa, kwa kuutaja ule mkorosho uliopigwa radi. Matangazo ya vipindi tunatuma kwa chaneli, si grupu, kwa sababu kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba.

Sheria ipo. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake husajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Usinakili tamko la faragha la tovuti ya Ulaya. Andika Kiswahili cha kawaida: unachukua nini, kinakaa muda gani, nani mwingine anakiona, na mtu akitaka kufutiwa afanye nini. Letu ni fupi, linasomeka kwa simu bila kuchoka.

Jiandae pia kwa wadhamini. Mmoja, muuza pembejeo, alitaka orodha ya namba za wasikilizaji wetu ili awatumie matangazo ya viuatilifu. Tulimpa idadi ya upakuaji kwa kila kipindi, akanuna, akakubali nusu ya bei. Kwenye mkataba wetu sasa kipengele cha kutotoa namba kinatangulia kile cha malipo.