Besi la jazi kwenye drum and bass: usiikimbize mashine

Mkuu, umeuliza kama mpiga besi aliyezoea jazi anaweza kuingia kwenye drum and bass, muziki wa dansi wa kielektroniki wenye dramu za kasi, wa mapigo 174 kwa dakika. Anaweza kabisa, ila hesabu 87. Dramu zikimbie, besi litembee nusu ya mwendo huo. Hapo ndipo unapata nafasi ya kupumua na kutunga.

Sikiliza "Brown Paper Bag" ya Roni Size na Reprazent wa Bristol, Uingereza. Mwanzoni unausikia hadi mguso wa kidole kwenye uzi wa besi, kisha dramu zinaingia. Albamu yao, New Forms, ilishinda Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, mwaka 1997, na jukwaani walikuwa na mpiga besi na mpiga dramu wa kweli.

Kosa ninalolisikia sana kwa watu wa jazi ni kujaza noti. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 174. Snea (dramu ya mlio mkali) inagonga pigo la 2 na la 4; kiki (dramu kubwa ya mguu) inagonga la 1, kisha nusu pigo baada ya la 3. Piga noti zako mbili na hiyo kiki, basi. Kaa hapo dakika kumi kabla hujaongeza chochote.

Wala usiogope kwamba utapoteza ladha ya jazi. Dramu nyingi za muziki huu ni vipande vilivyokatwa kutoka kwenye rekodi ya mwaka 1969, vilivyopigwa kwa mkono wa binadamu, Gregory Coleman, mpiga dramu wa bendi ya The Winstons. Zile snea ndogo ndogo za katikati ndizo za kuzungumza nazo.