Kwa wanaoanza sarfu: Zaid hampigi Amr kila siku

Kila muhula wa sarfu, yaani elimu ya maumbo ya maneno ya Kiarabu, nasahihisha kosa lilelile. Mtu anaona dhadi, ree na bee, herufi za mzizi wa kitenzi dharaba, anaandika "kupiga", anageuza ukurasa. Wadogo zangu, hata mstari wa kwanza wa maana zake hamjaumaliza!

1. Karirini kitenzi na mudhari wake, yaani umbo la wakati usiopita. Dharaba, yadhribu: mlango (kundi la vitenzi) wa pili, wenye kasra, yaani irabu "i", kwenye ree.

2. Kwa kuwa mlikutana nacho katika mfano wa vitabu vya sarufi, Zaid akimpiga Amr, mnadhani kitenzi hiki ni ngumi tu. "Dharaba mathalan" ni kupiga mfano. "Dharaba fil-ardhi" ni kusafiri, nayo imo katika aya ya kupunguza sala, Annisaa 101. Katika Alkahf 11 vijana wa pangoni "wanapigwa" masikioni, yaani wanalazwa usingizi. Dharbu ni kuzidisha kwenye hesabu. Sisi tunaopiga simu, pasi, picha na hodi ndio tungekuwa wa mwisho kushangaa.

3. Tazameni wazani (umbo la kitenzi) na herufi ya jari (kihusishi kinachokifuata, kama "an"). Hapa niliumbuka mimi. Nikiwa mwaka wa kwanza niliitwa mbele nifasiri kichwa cha habari: "Adhraba as-sajinu anit-taam." Hamza ya mwanzo, inayobadili wazani, niliiona, nikaipuuza. Ile "an" nikaipita kama daladala iliyojaa inavyokipita kituo. Nikapiga hesabu: mfungwa, chakula, kupiga... Nikatangaza kwa sauti ya imamu, "Mfungwa alikishambulia chakula." Ustadhi akauliza taratibu, "Alishiba?" Nikasema bila shaka alishiba, na nikamfafanulia kwamba chakula cha jela huja kidogo, ndiyo maana mtu hukivamia. Kumbe maskini kagoma kula! Adhraba an ni kuacha jambo, kulipa mgongo. Mgomo wenyewe huitwa idhrabu. Muhula mzima, sinia la wali likiingia bwenini, lazima mmoja aniulize: ustadhi, leo unagoma au unashambulia?

4. Dhariba ni kodi. Msiandike "kipigo", hata kama mwisho wa mwezi hamuoni tofauti.

5. Kamusi ya Kiarabu ya Hans Wehr imepangwa kwa mizizi, kwa hiyo idhrabu haiko kwenye alifu wala madhrubu (aliyepigwa) kwenye mimu; yote yako kwenye dhadi. Juzi mmoja wenu kaipekua mimu yote mpaka adhana, kisha akanijia na malalamiko kwamba nakala ya maktaba imechanwa kurasa.