Usiende na magongo ya bibi yako

Mdogo wangu wa Katuba, hayo magongo yarudishe chumbani kwa bibi leo hii. Nilikuwa nausoma uzi wako polepole na chai yangu, nikafika pale ulipoandika "nafikiria niazime magongo ya bibi ili sentineli asinisumbue", chai ikanipalia. Na chini yake watu wamekuandikia "wazo zuri", "mjini ni akili". Akili gani? Hao hawajawahi kushuka ngazi mbio wakiwa na gongo mkononi.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada huyu ana vidonda kwenye utumbo mpana, munganga ameuita rektokolite. Anaanza staji, mafunzo ya kazi, kwenye ofisi ya ghorofani, katikati ya mji wa Lubumbashi. Vyoo vya watu wote viko uani na vina foleni. Chini, karibu na mlango mkubwa, kuna choo kimoja cha walemavu, kimefungwa, ufunguo anao sentineli, yaani mlinzi. Anauliza kama ana haki ya kukitumia wakati anatembea vizuri kwa miguu yake miwili, kama aagize ule ufunguo wa Ulaya wa kufungulia vyoo vya walemavu, amwambie nini patroni, afanyeje kwenye bisi ya Kolwezi akienda kuona wazazi, na hilo la magongo.

Haki unayo, hilo halina mjadala. Kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda watu wanaoishi na ulemavu, kuna kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006, na kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015. Huo mkataba unataja upungufu wa muda mrefu wa mwili, wa akili, wa hisi. Haukuandika popote kwamba lazima uonekane kutoka barabarani. Ila sentineli hajausoma, na ukianza kumsomea wakati umebanwa, hutafika kifungu cha pili.

Sasa magongo.

Mimi tifoide ilinitoboa utumbo mwembamba. Wakanipasua, wakatoa ncha ya utumbo nje, upande wa kulia wa tumbo, na juu yake unakaa mfuko. Ileostomia. Kinachotoka ni majimaji, hakijui saa ya mkutano, na hakuna msuli wa kukizuia. Mfuko inabidi umwagwe ukifika theluthi au nusu, kwa sababu ukijaa, uzito wake unaubandua kwenye ngozi. Kwa nje nikivaa shati langu na kalamu mfukoni, naonekana mzima kuliko jeran, yaani msimamizi, wa jengo nilikokuwa nafanya kazi. Lakini kwenye choo cha uani namwaga mfuko gizani, sakafu imelowa, hakuna pa kutundika kitu, maji ya kunawa yako nje, na foleni inagonga mlango. Cha walemavu kina nafasi ya kusimama, kina sinki humohumo ndani, kina chuma cha kushikilia. Ndicho nilichokihitaji. Na mlango unaofunga.

Wazo la gongo nililipata kwa bwana mmoja wa kundi letu la WhatsApp la wagonjwa. Anaishi Ulaya miaka mingi, mtu wa kutuma sauti ndefu akiwa kwenye treni. Akanieleza kwa uhakika wote: "Kwetu Kongo mtu haamini ulemavu asiouona. Shika gongo, chechemea, hakuna atakayekuuliza." Yeye mwenyewe gongo hajawahi kulishika hata siku moja. Kule aliko anatoa kadi, anaingia, anatoka, anarudi kwenye simu kutufundisha maisha ya Lubumbashi. Na sisi tunamwitikia "asante mkubwa".

Mwanzoni gongo lilifanya kazi, na hapo ndipo penye ubaya. Sentineli alininyanyukia kitini. "Papa, pole na mguu." Nikaitika pole ya mguu usiouma. Kesho yake akataka kujua ilikuwaje, nikasema moto, yaani pikipiki, ilinigonga njia ya Kipushi. Hiyo moto ikahitaji siku, mahali, na dereva aliyekimbia. Sentineli akawasimulia wenzake. Mama anayeuza maandazi pale mlangoni akaanza kuniombea. Nilikwenda kutafuta choo, nikajikuta na ajali kamili yenye mashahidi. Kuna asubuhi nilifika nachechemea mguu wa kushoto wakati ajali ilikuwa ya kulia. Mama wa maandazi akaeleza watu kwamba ni maumivu yanahama, nikamshukuru Mungu kwa udaktari wake.

Pale mlangoni alikuwepo pia kijana muuza mayunite, vocha za simu, yuko kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Polio tangu utoto. Katika jengo lile, na majengo ya jirani, choo hicho ndicho pekee ambacho baiskeli yake inapita mlangoni. Tukikutana hapo wawili alikuwa ananipisha. "Yaya", yaani kaka, "tangulia, mguu wako bado mpya." Nami nikatangulia! Nilikuwa navimba kichwa kwamba nimekubaliwa.

Siku yenyewe nilikuwa ghorofani na faili za malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nikahisi joto ubavuni. Mwenye mfuko analijua lile joto, maana yake gundi imeachia. Sikufikiria mguu tena. Gongo nililibeba, ila nililibeba mkononi kama mtu anayekwenda kuua nyoka, nikaruka ngazi mbilimbili mpaka chini. Watu wa uani wakasimama. Mmoja akapiga kelele "Mwizi!", kwa sababu hapa kwetu mtu akikimbia na fimbo katikati ya mji watu hawaulizi mara mbili. Mama wa maandazi yeye akainua mikono juu: "Muujiza! Bwana asifiwe!" Wengine upande wa mwizi, wengine upande wa muujiza, mimi nataka ufunguo tu.

Sentineli aliutoa mfukoni, akaniangalia miguu, akaurudisha. Yule kijana wa mayunite hakupiga kelele hata kidogo. Aliniuliza, "Yaya, kumbe siku zote nampisha nani?"

Akaitwa jeran. Hapo sasa ndipo nikasema kweli. Nikainua shati mbele yake, mfuko unaning'inia nusu, suruali imelowa, nikaeleza tifoide, upasuaji, kila kitu. Akaniangalia vizuri, akasema: "Na huo nao umeuazima wapi?"

Rudia kusoma hapo, mdogo wangu. Mfuko uko mbele ya macho yake, harufu iko puani mwake, na bado hakuuamini. Gongo lilikuwa limeshakula imani yote niliyokuwa nayo kwenye mlango ule. Ningekuja siku ya kwanza na mdomo mtupu, angalau angeniuliza maswali ya kawaida.

Jeran akabadilisha kufuli, ufunguo ukapanda ofisini kwake. Kwa hiyo yule kijana akitaka kukojoa anamtuma mtu ghorofani, na jeran akiwa ametoka, anavumilia. Hilo nililisababisha mimi, na halirekebishiki kwa kuomba samahani, nimejaribu. Patroni naye akaniita. Nilikuwa deklaran, mtu wa forodha, kazi yangu yote ni kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilicho ndani ya lori. Hakufoka. Aliuliza tu, "Ukichoka kunidanganya kwa mguu, utahamia kwenye kilo?" Mkataba ulipoisha haukuandikwa mwingine. Siku hizi natengeneza faili za watu nikiwa nyumbani. Choo kiko hatua chache na ufunguo ni wangu, faida hiyo siikatai.

Mshauri wangu wa kwenye treni nilipomweleza yote haya, alijibu kwamba sikuchechemea kwa bidii.

Huyohuyo ndiye aliyeniuzia ufunguo wa Ulaya, na kwa maelezo yako nahisi ndiye anayekuuzia na wewe. Usiagize. Ule unaitwa Eurokey, ulianzia Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1986, unafungua maelfu ya vyoo vya walemavu huko na kwenye nchi za jirani kama Uswisi na Austria. Uingereza wana wao, RADAR, tangu 1981. Ni kazi nzuri, na hata sisi wa magonjwa yasiyoonekana tumo: kule mwenye stoma, yaani tundu la tumboni kama langu, au mwenye kolite kama wewe anaupata akionyesha karatasi za ugonjwa wake. Uingereza kuna vyoo wamebandika kabisa mlangoni kwamba si kila ulemavu unaonekana. Lakini ufunguo ule unafungua kufuli zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwetu choo cha walemavu kimefungwa kwa kufuli la kununua soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ndani kuna mifagio na ndoo za rangi, na mara nyingine mlangoni kumeandikwa VIP kwa sababu wageni wa patroni wamekipenda. Yule bwana anayajua haya, amekulia Kamalondo, hapahapa mjini! Akanitoza pesa ya ufunguo na pesa ya kutuma juu yake. Ninao hapa, nimeutundikia funguo za nyumba.

Badala ya magongo na ufunguo, fanya hivi. Siku ya kwanza, kabla hujapanda ofisini, tumbo likiwa limetulia, nenda kwa yule aliyeshika ufunguo. Jeran mwache kwanza, mtafute yeye. Msalimie, mpe pole ya kazi, halafu umwambie: "Papa, nina ugonjwa wa tumbo wa kudumu, munganga ananifuatilia. Hauambukizi. Kuna saa nitakuja mbio na sitaweza kuongea. Nipe ufunguo kwanza, tutaongea nikitoka." Basi, usiongeze. Ukiongeza utaanza kutunga, mimi najua.

Neno "kuhara" usilitamke. Katanga hii watu wamezoea habari za kolera, ukisema unahara ufunguo hutaupata, utapata ndoo ya klori. Hiyo "hauambukizi" ndiyo usiisahau.

Na ni kabla, si wakati. Mtu aliyebanwa ana jasho, macho yamemtoka, anaongea haraka, anashika tumbo. Hata akisema kweli tupu anafanana na mwongo. Aliyekuona jana umetulia ukamweleza, leo akikuona unakuja vile, mkono wake unaingia mfukoni kabla hujafika. Nafanya hivyo kila ofisi ninakopeleka faili. Wapo wanaokataa, sikudanganyi. Wengi wanauliza "tangu lini?" wanasema pole, na sentineli mmoja aliniambia taratibu kwamba mke wake ana fistula ya uzazi, kwa hiyo hana haja ya maelezo yangu.

Pesa usianze nayo. Ukimpa faranga siku ya kwanza umekikodi choo, na siku ambayo huna kitu mfukoni utaona. Mnunulie sukre, soda, baada ya mwezi, kama mtu mnayefahamiana.

Karatasi ya munganga iwepo, mistari miwili na muhuri, inayosema tu kwamba huwezi kusubiri choo. Ipige picha ikae kwenye simu. Hiyo ni ya jeran akikusumbua. Na ubebe chupa ya maji yako, maana sinki kuwepo na maji kuwepo ni mambo mawili.

Ukikuta mtu wa baiskeli au wa magongo ya kweli anasubiri pale mlangoni, naye mwambie sentensi hiyohiyo. Kama unaweza kuvumilia dakika tano, mpishe.

Kuna mengine uliuliza, watakujibu wenzangu, mimi hili la magongo limenimaliza. Ila angalia zamu. Huyo wa mchana akishakuelewa usidhani amemwambia wa Jumamosi. Wa Jumamosi ni mtu mwingine, na akienda kunywa chai anaondoka na ufunguo. Mtafute mapema, umwanzie upya.