Chembe sahani chache na damu bado inaganda? Ndiyo, mimi naishi hivyo

Pole sana dada. Umeuliza inakuwaje chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zishuke hadi 38,000, fizi zitoke damu, halafu ultrasaundi ionyeshe damu imeganda mguuni. Na shangazi anakwambia uache warfarini, dawa yako ya kuzuia damu kuganda. Usiache kwa neno lake, wala kwa langu.

Mimi nina APS (antiphospholipid syndrome), ugonjwa ambao Dk. Graham Hughes wa London aliueleza mwaka 1983. Kinga ya mwili inatengeneza antibodi zinazochokoza chembe sahani na kuta za mishipa, damu inaganda. Chembe hizohizo zinaharibiwa pia, ndiyo maana hesabu inashuka. Zilizobaki ni chache lakini zimechokozwa, kwa hiyo uchache wake haukukingi na kuganda. Hata maabara inachanganya: kipimo cha APTT, cha muda ambao damu inachukua kuganda, kinaweza kurefuka, ukadhani mtu ni wa kuvuja damu tu. Mimi niliambiwa hivyo hospitali ya kwanza, mguu umevimba! Vipimo vya antibodi hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwani maambukizi nayo huzipandisha kwa muda.

Nilipochoka ni pale daktari mmoja alipotibu kuvuja na mwingine kuganda, kila mmoja na cheti chake. Tafuta daktari wa damu mmoja ashike yote mawili. Wangu, chembe ziliposhuka chini ya 50,000, alisimamisha warfarini kwa muda, akanipa prednisoloni ya kutuliza kinga na heparini, sindano ya kuzuia kuganda, ya dozi ndogo mpaka chembe zikapanda. Wako ataamua kwa hali yako. Ukishauriwa rivaroxaban, kidonge kingine cha kuzuia kuganda, kwa sababu haidai kupima INR (kipimo cha damu cha kuona warfarini inavyofanya kazi), muulize kwanza: wenye antibodi zote tatu zinazopimwa kwa APS walionekana kuganda damu zaidi wakiitumia kuliko warfarini.

INR yangu inatakiwa kuwa 2 hadi 3. Mchicha na kisamvu hupunguza nguvu ya warfarini; nakula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki. Flagyl na Septrin hupandisha INR, yaani damu huvuja kirahisi zaidi, kwa hiyo duka la dawa natangulia kusema natumia warfarini. Diklofenaki sigusi, maumivu nameza panadol. Sindano za makalio nakataa, zinaweza kuvujisha damu ndani ya msuli.

Choo cheusi kama lami, kifua kubana, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu au upande mmoja kulegea: dharura, usiku huohuo.

Kuhusu mtoto, inawezekana. Ila warfarini inadhuru mimba, hasa miezi ya mwanzo, na wengi huhamishiwa heparini na aspirini ya dozi ndogo. Zungumza na daktari kabla hujaanza kutafuta ujauzito.