Risiti thelathini na moja, namba moja

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, seva yangu ni Python, skrini ni JavaScript. Nitume data kwa JSON au nitafute kitu kingine?" Python na JavaScript ni lugha za programu, na JSON ni namna ya kuandika data kama maandishi ili programu mbili zipeane. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo liliwahi kunikosesha hela.

Ulikuwa mfumo wa saccos fulani hapa Dar. Namba za risiti nilizitunga mwenyewe, tarakimu 18, tarehe mbele na mfuatano nyuma. Nilijiona fundi kweli. Wiki ya tatu mhasibu akapiga: "Kijana, mbona risiti moja ina wanachama wawili?" Nikafungua hifadhidata, safi. Nikajaribu kwa Python, safi. Nikamjibu, kwa kiburi ambacho mpaka leo kinaniuma, kwamba makeshia wake hawajui kuandika.

Alinyamaza tu. Kesho yake nikaenda kukaa nyuma ya keshia mmoja. Seva imetuma 202403150000001237. Skrini inaonyesha 202403150000001250. Na dada wa watu hajagusa kitufe!

Kumbe JSON haikuwa na kosa, namba ilisafiri nzima. JavaScript ndiyo huisoma kila namba kama desimali ya biti 64, yaani nafasi yenye kikomo, na ukishapita 9007199254740991 tarakimu za mwisho hazina dhamana. Kwa ukubwa wa namba zangu ilikuwa inaruka kwa hatua za 32, hivyo risiti zilizoishia 1233 hadi 1263 zote zilisomeka 1250. Python husoma namba nzima ndefu bila kuipunguza, ndiyo maana majaribio yangu yalinipa moyo wa bure. Twitter walishakutana na hili tangu 2010, wakawa wanatuma kitambulisho cha kila ujumbe mara mbili, kama namba na kama maandishi. Sikuwa nimesoma.

Basi ndugu yangu, JSON inatosha, ila kitambulisho, kama hiyo namba ya risiti, kitie ndani ya alama za nukuu. Namba ya simu vilevile, maana ukiifanya namba, sifuri ya mbele huioni tena. Tarehe JSON haina kabisa, kwa hiyo kubalianeni mapema itaandikwaje na ni saa za wapi. Na narudia: kitambulisho si namba. Umewahi kujumlisha risiti mbili ukapata ya tatu? Vijana tunakimbilia kubadili zana wakati hatujakaa pande mbili tukaulizana kila kitu ni cha aina gani.

Marekebisho yalinichukua jioni moja. Mhasibu nilimwomba radhi mbele ya makeshia wake, akanipa chai. Awamu ya mwisho ya malipo sijaiona.