Grili kubwa inanikera, mke wangu anaipenda

SWALI: Kaka habari, nataka kuchukua sedani ya kifahari na nimebaki na mbili tu, BMW 7 Series na Mercedes S-Class. Sasa hiyo BMW ya kuanzia 2022 uso wake mh, grili, yaani ule wavu wa mbele, kubwa kama mlango wa zizi, taa nazo zimekatwa vipande viwili. Mke wangu ndo kaizimikia, mimi siielewi kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Msikilize atakayekaa nyuma, maana haya magari raha yake iko huko. Sura utaizoea bwana. Mwaka 2001 ilipotoka 7 Series ya enzi za Chris Bangle, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa BMW, watu walipiga kelele balaa, wakasema buti limebandikwa tu, ila gari likauzika vizuri mno. Mimi binafsi S-Class ndo naona imetulia, mistari michache, vitasa vinazama mlangoni, japo ile skrini kubwa ya katikati inashika alama za vidole hadi aibu, tembea na kitambaa. Ila usichague kwa picha jamani, nenda kaione juani, izunguke, utakuta hiyo BMW ubavuni imenyooka kuliko usoni. Halafu rangi nayo, nyeusi inaipunguzia makali ile grili, nyeupe inaianika. Na rimu kubwa kabisa achana nazo, ukuta wa tairi unakuwa mfupi, kila shimo utalisikia mgongoni, sasa hapo ufahari uko wapi?